Jina Ambalo Halikufichwa

Niliacha shule kidato cha pili, na tangu hapo nimelala katika miji mingi kuliko mashati niliyonayo. Nimepakia ndizi kwenye malori sokoni Daraja Mbili, nimechuma chai Nyamira, nimevunja kokoto Kericho, nimepaka rangi nyumba za watu Nakuru na Mombasa. Watu wa nyumbani husema nina miguu ya mbwa. Lakini mbwa huzurura bila sababu, na mimi sababu nilikuwa nayo. Nilikuwa natafuta kaburi la baba yangu.

Kwetu Wagusii mtu huzikwa nyumbani kwake. Akifia mbali, watu huchanga, gari hukodishwa, na mwili hurudi hata kama barabara ni tope. Nyumbani kwetu lipo kaburi la babu, katikati ya jiko na migomba, na kando yake ni majani matupu. Tangu nikiwa mdogo niliambiwa kwamba baba alikwenda Mombasa kabla sijazaliwa, akafia huko, akazikwa huko. Picha yake haikuwepo. Kilichokuwepo ni jina lake tu, ambalo ndilo jina langu la mwisho, na mama alilitaja kwa heshima, jinsi mtu anavyotaja marehemu.

Mombasa nilikaa muda mrefu. Niliwauliza Wagusii waliofanya kazi bandarini tangu zamani, nikawauliza walinzi wa makaburi ya umma. Wazee wale walinisikiliza vizuri. Walisema jina ni la kwetu kabisa, ila huyo mtu hawakumjua. Nilidhani alitumia jina lingine, au alikuwa mtu mkimya. Ukimtafuta mtu kwa muda mrefu unampa tabia hata kama humpati mwenyewe. Baba yangu mimi nilikwisha kuamua kwamba alikuwa mtu mkimya.

Miaka michache iliyopita nilirudi, nikapata kibarua cha kupaka rangi maktaba ya chuo kimoja. Sitakitaja chuo hicho, kwa sababu niliyoyakuta huko hayakufanywa kwa ubaya. Mkutubi mmoja, mwanamke wa umri kama wangu, miwani yake ikining'inia kifuani kwa uzi, alinikuta juu ya ngazi nikisoma migongo ya vitabu huku rangi ikikauka kwenye brashi. Alidhani nachagua cha kuiba. Nilimwambia nataka kujua kwa nini udongo wetu ni mwekundu na ule wa Kericho tunakovunja kokoto ni wa rangi nyingine. Alinitazama sana, kisha akasema vitabu havitoki bila kadi, na kadi ni ya wanafunzi.

"Lakini ipo hazina ya mtandaoni," akasema. "Tasnifu zote za wanafunzi wetu tunaziweka humo. Hiyo haina mlango, fundi. Hata wewe na rangi yako unaingia."

Sikumwamini. Sijawahi kuona kitu cha chuo kisicho na mlinzi langoni. Alichukua simu yangu, akaandika anwani kwa kidole kimoja, akanirudishia. Na kweli niliingia.

Sijui nieleze vipi furaha ya siku zile. Mtu aliyefukuzwa kwenye harusi, kisha akapata dirisha linaloangalia moja kwa moja kwenye sufuria, atanielewa. Nilisoma kuhusu minyoo ya migomba. Nilisoma kuhusu mawe laini ya kuchonga, kuhusu chemchemi, kuhusu sababu ya vijana kuacha kilimo, na huko nilijiona mwenyewe nimeandikwa kama tatizo. Kiingereza changu ni kile cha kidato cha pili, kwa hiyo nilisoma polepole, kamusi ikiwa kwenye simu hiyo hiyo, nikitoka ukurasa mmoja nikirudi mwingine. Tasnifu nyingine hazikufunguka. Nyingine zilikuwa zimepigwa picha kurasa zikiwa zimepinduka, ukabaki kuinamisha shingo kama kuku anayeangalia mwewe. Nyingi zilionyesha kwamba hakuna mtu aliyewahi kuzifungua. Mtu kasoma miaka, kala njaa, kamaliza, kaiweka kazi yake mahali ambapo dunia nzima inaweza kuiona, na dunia nzima haijapita. Nilikuwa nawahurumia. Nilizifungua nyingine kwa sababu hiyo tu, mwenyewe apate walau msomaji mmoja.

Juu ya ukurasa palikuwa na kisanduku cha kutafutia. Kila mji niliofika nilikuwa na desturi moja: kabla ya kutafuta mahali pa kulala, niliuliza jina la baba. Nililiuliza kwenye vituo vya mabasi, makanisani, hospitalini. Siku moja, wakati wa chakula cha mchana, nimekaa juu ya debe la rangi, nikaliandika jina hilo kwenye kile kisanduku. Sikuwa na matumaini yoyote. Ni mkono tu uliozoea.

Ikatokea tasnifu moja. Ilihusu urithi wa ardhi katika nyumba za wajane upande wa Nyamira. Chini ya kichwa palikuwa na kipande cha sentensi, na ndani yake jina la baba yangu, lote, limewekewa rangi ya njano. Sentensi ilisema kwamba mwanamke aliyeitwa Mhojiwa J aliolewa na huyo mtu, mwana ambaye mama mkwe wake hakuwahi kumzaa.

Kwanza nilikilaumu Kiingereza changu. Nilifungua kamusi nikatafuta neno moja moja, hata yale ambayo mtoto wa darasa la tatu anayajua. Maneno yalikataa kubadilika. Nikaenda kwa mkutubi nikamwomba anisomee.

"Inasema hakuzaliwa," akasema.

"Alikufa akiwa mchanga?"

"Hapana, fundi. Hakuzaliwa kabisa. Ni mume wa jina tu. Si hiyo ni desturi ya kwenu?" Yeye alikuwa mtu wa kabila lingine, na aliuliza kwa hamu ya mtu anayetaka kujifunza. Halafu akaniona uso. "Kwani unamjua?"

"Ni baba yangu."

Aliishika ile miwani kana kwamba ndiyo iliyoanguka.

Desturi yenyewe nilikuwa naijua, lakini kama unavyojua ugonjwa wa nyumba nyingine. Zamani, na hata siku hizi hapa na pale, mwanamke aliyefiwa na mume bila kupata mtoto wa kiume aliweza kutoa ng'ombe na kuoa msichana. Hakumwoa awe wake mwenyewe. Alimwolea mwanawe, yule mwana ambaye angemzaa kama Mungu angempa. Mwana hupewa jina, msichana huwa mke wake, na watoto watakaozaliwa ni watoto wa jina hilo na wa nyumba hiyo. Shamba halipotei. Nani aliyewazaa kwa damu, hilo haliulizwi. Nilikuwa nimesikia haya yote nikiwa mtoto, nikacheka pamoja na wenzangu. Nakumbuka walicheka huku wananiangalia, nami nikadhani ni kwa sababu nilicheka kwa sauti kubwa zaidi.

Tulisogea pembeni, mkutubi akafungua tasnifu yenyewe. Sura za mwanzo zilikuwa wazi. Sura ya mahojiano ilikuwa na picha ya kufuli. Alinieleza kwamba mwandishi anaweza kuomba sehemu ya kazi yake ifungwe kwa muda, labda anataka kuifanya kitabu, na mara nyingi hakuna anayerudi kuifungua. Palikuwa na kitufe cha kuomba nakala. Tulikibonyeza. Ombi likarudi muda huo huo, kwa sababu anwani ya mwandishi ilikuwa ile ya uanafunzi, na ilizimwa alipohitimu. Nilimwambia mkutubi kwamba hazina yake haina mlango lakini vyumba vyake vina makufuli. Hakubisha.

Nilichokuwa sielewi ni kwa nini jina liliachwa. Watu wengine wote kwenye tasnifu ile walikuwa herufi. Mama alikuwa J. Nyanya yangu, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa Mama Mkwe wa J, na nilimtambua mara moja, kwa kuwa iliandikwa kwamba alivuta sigara huku upande wa moto ukiwa ndani ya mdomo. Mkutubi alinisomea sehemu ambapo mwandishi alieleza njia zake za kazi. Aliahidi kubadilisha majina ya watu wote, walio hai na waliokufa. Tukatazamana. Baba hakuwa hai na hakuwa amekufa. Hakukuwa na mtu wa kulindwa, basi hakupewa herufi. Katika kitabu chote chenye watu wa kweli, yeye peke yake ndiye aliyeandikwa kwa jina lake.

Nilikwenda nyumbani Jumapili. Kwetu ni ng'ambo ya Birongo, upande wa Nyamira. Mama alikuwa kwenye chai, kikapu mgongoni. Nikaingia mstari wa pili, tukawa tunachuma sambamba, kichaka kikiwa kati yetu. Nilimuuliza kama kuna msichana wa chuo aliyewahi kuja kumhoji.

Alikuja, mama akasema. Msichana mzuri, alijua kumenya ndizi. Alikuja mara kadhaa na kidude cha kunasa sauti, akakiweka juu ya kinu.

Ndipo nilipomwambia nilichosoma. Mikono yake haikusimama, lakini nikaona anachuma majani makuukuu, yale ambayo kituo cha kupimia hukataa, anayatupa kikapuni bila kuangalia.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Ulikuwa ukiuliza alizikwa wapi, tata." Tata kwetu ni baba, na kina mama huwaita hivyo wana wao wa kiume kwa upendo. "Hukuuliza kama alizaliwa."

Alinisimulia mengine huku tukisogea na mstari. Alizaliwa upande wa Kenyenya, katika nyumba ya wasichana wengi. Nyanya alifika kwao akiwa na ng'ombe wake mwenyewe, akasema ukweli wote mbele ya watu: mwana hayupo, nyumba ipo. Mama alikuwa na wachumba wengine wenye miguu na meno. Alimchagua nyanya. Alisema alimpenda yule mama tangu alipomwona akinywa uji na kumshukuru aliyeupika, jambo ambalo wanaume wa kwao hawakulifanya. "Wenzangu waliolewa na wanaume," akasema. "Mimi niliolewa na nyumba. Wengi wao walirudi kwao wakilia. Mimi niko hapa."

Na hiyo Mombasa, nikauliza. Mombasa ilikuwa ya nyanya. Nilipoanza kuuliza baba yuko wapi, nikiwa mtoto, nyanya alijibu kitu cha kwanza kilichomjia, mahali pa mbali zaidi alipopajua. Alidhani nitakua, nitaelezwa na watoto wengine, nitacheka, yataisha. Badala yake nilikua nikapanda basi. Mama alisema siku ile nyanya alikaa jikoni na sigara yake imezimika mdomoni.

Nilitaka kukasirika, lakini swali lingine lilinizidi nguvu. Kama miaka yote hakuweza kuniambia mimi, alimwambiaje msichana mgeni?

"Nilimwambia kwa sababu alikuwa anaondoka," akasema. "Neno ukimpa mpita njia, analibeba. Linakwenda naye. Alisema kitabu kitakaa chuoni. Mimi chuo nakijua? Nilijua ni kabati kubwa la watu wa mbali. Sasa nani amekutolea?"

"Hakuna aliyenitolea. Kiko wazi. Yeyote mwenye simu anakiona."

"Hata wa Kenyenya? Niliwasema wanaume wao humo."

"Hata wa Kenyenya."

Alivua kikapu akakaa chini, kati ya vichaka, na kwa muda sikuona ila kitambaa chake cha kichwa.

Nilimuuliza lile lililobaki, nikiwa nimesimama, nikiangalia upande mwingine. Kama huyo hakuwepo, basi ni nani aliyekuwepo? Mama alinyamaza. Na mimi nilijua kwa nini, kwa sababu nililelewa ndani ya jambo hilo. Tunaliita chinsoni. Ni haya na heshima kati ya mzazi na mtoto, na kuna maneno ambayo hayavuki hapo. Mzazi hazungumzi na mwanawe mambo ya kitandani, mtoto haingii chumba alalamo mzazi. Si sheria unayoweza kuiomba ilegee kidogo. Mdomo wenyewe unakataa.

"Nilimwambia yule msichana," akasema hatimaye kutoka chini kule. "Kama limo kwenye kitabu, soma. Mimi siwezi."

Nilirudi chuoni na tumaini la ajabu, kwamba kompyuta ya watu wengine ingenipa jambo ambalo mama yangu mzazi hakuruhusiwa kunipa. Mkutubi alikwisha kuanza kazi bila kuambiwa. Alimwandikia mwalimu aliyesimamia tasnifu ile, mwalimu akampata mwandishi, ambaye sasa alikuwa akifundisha mbali. Akanipigia simu mwenyewe.

Nilijieleza. Akasema anamkumbuka mama, na kinu, na ndizi. Alisema aliandika kwa ajili ya watahini. Hakuwahi kuwaza kwamba kazi yake itasomwa na mtu anayekaa ndani yake. Na kuhusu jina alisema kitu kimoja tu.

"Sikufikiri kwamba anaweza kuwa na mtoto anayemtafuta."

Alisema afadhali angebuni jina lingine, ingekuwa kazi ya dakika moja. Nilimwambia hapo ningekuwa bado Mombasa. Hakujua kama hilo ni shukrani au lawama, na mimi pia sikujua. Aliwaandikia watu wa maktaba, na sura iliyofungwa ikafunguliwa.

Niliisoma nikiwa nimeegemea ukuta ambao rangi yake niliipaka mwenyewe. Mama yangu alikuwa anaongea Kiingereza. Kilikuwa Kiingereza kizuri, chenye sentensi ndefu, na bado alikuwa yeye, na utani wake, na namna yake ya kurudia jambo kabla hujalipinga. Alisimulia alivyomwogopa nyanya wiki ya kwanza. Alisimulia nilivyozaliwa, jinsi nyanya alivyotoka nje akalitangaza jina la mwanawe mbele ya majirani, akisema leo amepata mtoto. Kisha nikafika pale. Palikuwa na mabano, na ndani yake maneno haya: mhojiwa alimtaja aliyemzaa mtoto, maelezo yameondolewa ili kumlinda mtu aliye hai.

Nilirudia kusoma mwisho wa mabano yale. Nilikuwa nimekuja kutafuta jina, nikapata pigo lingine. Yupo. Anapumua. Ambaye hajawahi kuwepo ameandikwa herufi kwa herufi, dunia nzima imsome, na aliyepo amefutwa.

Nilimpigia mwandishi. Alinieleza kwa upole kwamba sauti zote zilifutwa alipomaliza, kama ilivyotakiwa, na kwamba hata zingekuwepo asingenipa. Nilimchukia kwa muda wa kutosha, kisha nikakata simu nikijua kwamba alikuwa amefanya vizuri.

Safari hii nilimsomea mama sura nzima, jikoni, nikitafsiri kwa Ekegusii kadiri nilivyoweza. Alisikiliza akipepeta wimbi. Alicheka mahali ambapo mimi sikuona cha kuchekesha. Mahali pamoja alinisimamisha: kitabu kilisema ng'ombe walitoka kwa kaka zake nyanya. Akasema huo ni uongo, au msichana alichoka siku ile. Nyanya aliwanunua mwenyewe kwa ndizi alizobeba kichwani hadi mjini, na lazima wakirekebishe. Nilimwambia nimekwisha kuuliza jambo kama hilo. Kilichopitishwa na watahini hakibadilishwi. Kinaweza kufichwa chote, au jina kufunikwa, na maktaba ilikuwa tayari kufanya hivyo akitaka. Kurekebishwa, hapana.

"Wakilifunika lile jina," akauliza, "huyo mtu atakuwa amekaa wapi?"

Sikumwelewa.

"Hana kaburi. Hana picha. Wewe ulimtafuta mpaka baharini ukamkosa. Pale kwenye kitabu tu ndipo alipo. Waliache."

"Na watu wa Kenyenya?"

"Wasome. Wakimaliza, waje waniambie ni wake zao wangapi waliokaa kama mimi nilivyokaa."

Nikaendelea, nikafika kwenye mabano. Nilifikiria kuyaruka, lakini nikayasoma kama yalivyo. Ungo ukasimama.

"Kwa hiyo hakuandika."

"Hakuandika, mama."

Alikuwa amemwachia yule msichana mzigo wote, akatulia, akijua siku nitakapousoma utakuwa umesemwa na yeye hakuusema. Sasa ulirudi mikononi mwake. Alipepeta tena, polepole, na makapi mengi yalibaki ndani. Halafu akasema kwamba mdogo wake nyanya, yule anayekaa karibu na soko la Birongo, hajamwona siku nyingi. "Kamsalimie. Mwambie nimekutuma umsomee kitabu."

Nilielewa alichokifanya. Ile haya yetu ni ya mzazi na mtoto peke yake. Nyanya na mjukuu hawana haya hata kidogo. Wao hutaniana mambo ambayo ukiyasema kanisani mchungaji atafunga Biblia.

Nilimkuta kizee yule kibarazani akichambua mboga. Aliniita mume wake, kama kawaida, akauliza kama nimekuja kumuoa au bado nazunguka nikitafuta mabibi wa pwani. Nikamsomea. Nilifika ukurasa wa pili akanikatiza kwa kunitupia kijiti cha mboga.

"Haya yote tulikuwa tunayajua. Yameandikwa ya nini?"

Nikamweleza kuna mahali pamefutwa, na ni mahali gani. Alinitazama kuona kama natania. Alipoona sitanii, yeye ndiye aliyeshtuka, mkono wake ukabaki hewani.

"Mume wangu, hujui? Kilima kizima kinajua. Unadhani yule mtu anakununulia chai kila siku ya soko kwa sababu una sura nzuri? Hiyo sura ni yake."

Akalitaja jina, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja bei ya mboga.

Sitaliandika hapa. Mwandishi wa ile tasnifu alilifuta, nami nalifuta. Sitasema mtu huyo anafanya kazi gani wala ananunulia watu chai soko gani, na kama umedhani ni Birongo, umekosea. Nitasema tu kwamba ni mtu niliyemjua maisha yangu yote. Tangu nianze kuzurura, kila niliporudi nilimkuta, tuliketi kibandani, akaniuliza habari za miji. Nilimpenda kama unavyompenda mtu ambaye hana sababu ya kukujali na bado anakujali.

Siku ya soko nilikwenda. Alikuwa kwenye benchi lile lile. Aliniitia chai kabla sijakaa. Nilimtazama masikio, nikamtazama vidole vilivyoshika kikombe, nikashangaa jinsi macho yangu, ambayo husoma hata karatasi za kufungia maandazi, yalivyopita hapo miaka yote bila kusoma kitu.

"Umerudi," akasema.

"Nimerudi."

"Safari hii ulifika wapi?"

"Chuoni."

Alicheka, akasema wamekosa walinzi siku hizi. Tukanywa. Mvua ilikuwa inakusanyika juu ya vilima na wauza nguo walianza kufunika mali yao kwa nailoni. Kisha akaniuliza lile aliloniuliza kila niliporudi, kwa sauti ile ile ya upole, ambalo siku zote nililihesabu kuwa ni wema wake tu.

"Na kaburi la mzee wako, ulilipata?"

Nilishika kikombe kwa mikono yote miwili. Niliona kwamba anangoja, na kwamba amekuwa akingoja hivyo kila mara, na kila mara nilimjibu habari za Mombasa.

"Nimeacha kulitafuta," nikasema.

Hakuniangalia. Alikoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka zamani, akaendelea kuikoroga. Mwenye kibanda akaja kuuliza kama tunataka andazi, hakuna aliyemjibu, akaenda zake.

"Nyumba yangu haijapakwa rangi tangu nijenge," akasema mwishowe. "Kama huondoki upesi."

Nikamuuliza anataka rangi gani. Akasema hajui, yeye si mtu wa rangi, nije nione kuta kwanza. Matone ya kwanza yalipoanza kugonga mabati tuliinuka pamoja, akatangulia mbele kunionyesha njia, ingawa njia ya kwake ninaijua tangu utoto.